Kelele za chura na mwenye kisima

Swali: "Mimi ni mtangazaji wa redio ya jamii mkoani Kigoma. Kila gazeti au redio inapofungiwa katika nchi zetu hizi, balozi za nje hutoa tamko kwamba zina 'wasiwasi mkubwa'. Umoja wa Ulaya nao, mashirika ya New York nayo, halafu kimya. Wenzetu wa Burundi waliovunjiwa studio mwaka 2015 waliandikiwa matamko mengi mno, na wengine hadi leo hawajaruhusiwa kurudi hewani nyumbani. Je, hizi ni kelele za chura tu, zisizomzuia ng'ombe kunywa maji? Au kuna lolote linalofanya kazi? Na kama lipo, sisi wa redio ndogo tunalifikiaje?" – M., Kigoma

Jibu:

Ndugu M., umetaja mwaka 2015, basi tuanzie hapo hapo, maana ndani ya siku tatu za mwezi Mei mwaka ule kuna nusu ya jibu lako.

Jumatano ya Mei 13, Rais Pierre Nkurunziza alikuwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mkutano ulioitishwa kwa ajili ya hali ya nchi yake mwenyewe. Huku nyuma, Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza kupitia redio binafsi za Bujumbura kwamba amempindua. Jaribio hilo lilishindwa ndani ya siku mbili, na bili yake ikapelekwa kwenye redio. RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilishambuliwa na kuharibiwa. Rema FM, iliyokuwa upande wa chama tawala, ilivamiwa na watu wa upande wa pili. Kisha Ijumaa, Mei 15, majaji wa Mahakama ya Afrika Mashariki wakaketi Arusha kusoma hukumu ya kesi ambayo chama cha waandishi wa habari wa Burundi kiliifungua mwaka 2013, kupinga sheria ya vyombo vya habari iliyotungwa Juni mwaka huo. Mahakama ikasema vifungu vya kumlazimisha mwandishi ataje waliompa habari, pamoja na makatazo ya jumla jumla yasiyo na mipaka, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Waandishi walishinda. Siku waliyoshinda, wengi wao walikuwa wamejificha au wanatafuta njia ya kuvuka mpaka.

Kuna kejeli zaidi. Siku chache kabla ya hukumu, Burundi ilikuwa imekwisha kuibadilisha sheria ile. Kwenye karatasi mambo yalikuwa yakienda vizuri kabisa.

Wanafunzi wangu wakisikia kisa hiki hucheka, nami huwaacha wacheke kwanza. Mahakama haizimi moto. Hakuna hukumu, tamko wala azimio linaloweza kumzuia mwanajeshi aliyekwisha kufika mlangoni mwa studio usiku. Yeyote anayekuahidi kwamba jumuiya ya kimataifa itakulinda saa hiyo, mwogope. Lakini swali lako halikuwa la saa hiyo peke yake. Umeuliza kama kuna lolote linalofanya kazi, na hapo methali yako inahitaji nyongeza kidogo. Chura yumo, ng'ombe yumo, maji yamo. Asiyetajwa ni mwenye kisima.

Tamko la ubalozi ni sauti ya chura, na aliyeliandika anajua hivyo. Linaanza likiwa na meno, kisha linazungushwa kwa balozi nyingine ili majina yaongezeke, na kila linapopita jino moja linang'olewa. Mwisho wake linabaki "wasiwasi mkubwa". Kazi yake ya kwanza ni kwa wakubwa zao kule makao makuu, waone kwamba hatukunyamaza. Sisemi halina faida hata chembe. Mtu aliyekamatwa bila kujulikana aliko, jina lake likitajwa mapema na kwa usahihi, mara nyingine hilo humpunguzia madhila, kwa kuwa waliomshika wanajua anatafutwa. Lakini sera hazibadiliki kwa tamko.

Mwenye kisima ni mtu mwingine. Huyo ana kitu ambacho serikali inakihitaji, si siku moja huko mbele bali mwezi huu. Hata yeye hafaulu kila mara, na ukubwa wa kisima si hoja sana. Tazama mambo mawili yaliyotokea Tanzania chini ya rais yule yule, John Magufuli.

Machi 28, 2016, bodi ya MCC, shirika la misaada la Marekani, ilisitisha ushirikiano na Tanzania. Mkataba wa pili uliokuwa ukiandaliwa ulikuwa na dola milioni 472, hasa kwa umeme. Sababu zilizotolewa ni mbili: uchaguzi wa marudio wa Zanzibar uliofanyika Machi 20, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Pesa zile zilikuwa nyingi kweli kweli. Serikali ilijibu kwamba Watanzania wajifunge mkanda wasimame kwa miguu yao, na neno "mabeberu" likawa wimbo wa majukwaani kwa miaka iliyofuata. Uchaguzi haukurudiwa tena. Sheria haikuguswa. Umeme ule ukatafutiwa pesa kwingine.

Jambo la pili ni dogo, na magazeti ya nje hayakulishughulikia sana. Julai 2018 taasisi ya Twaweza ilitoa matokeo ya utafiti wake wa maoni yaliyoonyesha kwamba kukubalika kwa Rais kumeshuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 hadi 55. Septemba Bunge likarekebisha Sheria ya Takwimu. Kutoa takwimu bila idhini, au takwimu zinazopinga zile rasmi, likawa kosa la jinai lenye faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo cha miaka mitatu. Fikiria maana yake kwa redio yako. Ukiwahesabu wagonjwa waliolala chini katika zahanati ya kijiji na kuitangaza idadi, umekwisha. Oktoba Benki ya Dunia ikasema waziwazi kwamba marekebisho yale hayaendani na viwango vya kimataifa, na kwamba inajadiliana na serikali kama kuna haja ya kuendelea kusaidia mfumo wa takwimu nchini. Juni 2019, Bunge lile lile, wabunge wale wale, likaiondoa jinai ile. Ilichukua miezi tisa.

Kwa nini dola milioni 472 zilishindwa na maneno ya Benki yakafaulu? Kwa maoni yangu, MCC iliomba jambo ambalo serikali isingeweza kulitoa bila kukiri kwamba ushindi wake ni batili. Hakuna mtawala anayekiri hilo kwa sababu ya nguzo za umeme. Benki ya Dunia iliomba kifungu kimoja kifutwe, jambo la kalamu na siku moja bungeni, na hakuna mkubwa aliyelazimika kuinamisha kichwa hadharani. Tena maumivu yalifika mahali penye mtu wa kuyasikia. Hazina inaishi kwa takwimu. Kila mkopo, kila tathmini ya uchumi, kila mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa yanataka namba zinazoaminika. Ndani ya serikali kulikuwa na watu ambao sheria ile iliwaharibia kazi, na sauti ya nje ikawapa wao sababu ya kuzungumza. Hili la mwisho ndilo wengi wanalisahau. Shinikizo la nje hufaulu pale linapomkuta mtu wa ndani aliyekwisha kukerwa.

Usilikuze sana, lakini. Mwezi mmoja tu baada ya sheria ile kulegezwa, mwandishi Erick Kabendera alikamatwa nyumbani kwake Dar es Salaam. Kwanza alihojiwa kuhusu uraia wake, kisha akashitakiwa kwa makosa ya uhujumu uchumi, yale ambayo dhamana hayana. Matamko yakamiminika kutoka kila pembe. Alitoka mahabusu Februari 2020, baada ya kukubaliana na waendesha mashitaka na kulipa. Kisima cha takwimu hakikuwa na maji ya kumtoa yeye.

Burundi inatufundisha upande mwingine, yaani kisima kikubwa kufungwa kabisa. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulitumia kifungu cha 96 cha Mkataba wa Cotonou, uliokuwa mkataba wake wa ushirikiano na nchi zetu, na kusitisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali ya Bujumbura. Kabla ya mgogoro, takriban nusu ya bajeti ya nchi ilitegemea wahisani. Ninyi wa Kigoma mliyaona matokeo kabla ya sisi kuyasoma. Fedha za kigeni zikaadimika, mafuta yakawa ya kupanga foleni, na waliokuwa wakivuka kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hawakuwa mawaziri. Vikwazo vile viliondolewa Februari 2022, karibu miaka sita baadaye, Nkurunziza akiwa amekwisha kufariki na Évariste Ndayishimiye akiwa madarakani. Redio Bonesha ilikuwa imeruhusiwa kurudi hewani mwaka mmoja kabla. RPA haikuruhusiwa. Kwa hiyo pesa zilirudi na redio moja ikabaki nje, ndiyo maana wenzako wanaona kama waliuzwa.

Na tukiwa hapo hapo, kuna habari ya askari wa Somalia. Burundi ilikuwa na maelfu ya wanajeshi katika kikosi cha Umoja wa Afrika kule Mogadishu. Posho zao zilitoka Ulaya na kupitia serikalini, ambako sehemu yake ilibaki. Ulaya ikasema haitapitisha tena pesa kwenye mkono wa serikali iliyoiwekea vikwazo. Bujumbura ikajibu kwamba basi tutawarudisha vijana wetu nyumbani. Februari 2017 ikapatikana njia ya kuwalipa kupitia benki ya biashara, na vijana wakabaki Somalia. Hapo ng'ombe alimkumbusha mwenye kisima kwamba ndiye anayemlimia shamba.

Umoja wa Afrika nao ulionja. Desemba 2015 Baraza lake la Amani na Usalama liliidhinisha kikosi cha watu 5,000 kiende kuwalinda raia wa Burundi, hata kama serikali haitaki. Serikali ikasema atakayekuja bila ruhusa atahesabiwa kuwa mvamizi. Mwezi uliofuata wakuu wa nchi walikutana Addis Ababa, wakatazamana, na kikosi kikaishia kwenye makabrasha. Marais wengi walikuwa wakiwaza siku ambayo kikosi kama hicho kitaelekezwa kwao.

Kabla hujasema kwamba haya ni mambo ya Waafrika kulindana, tupige hatua kando kidogo hadi Ulaya kwenyewe. Hungaria imekuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya tangu 2004. Chini ya Viktor Orbán vyombo vya habari vilinunuliwa kimoja kimoja na watu walio karibu na chama chake, na Februari 2021 Klubrádió, redio iliyokuwa ikimkosoa, ilinyimwa masafa ikahamia mtandaoni. Bunge la Ulaya lilikuwa limeanzisha mchakato wa kifungu cha 7, ule wa kuiadhibu nchi mwanachama, dhidi ya Hungaria tangu Septemba 2018. Miaka ilipita, vikao vikafanyika, na haki ya Hungaria ya kupiga kura haikuguswa, kwa sababu ili kuifikia, nchi nyingine zote lazima zikubaliane, na daima alikuwepo rafiki mmoja wa kukataa. Pesa zilipozuiwa, hapo ndipo mambo yalipotikisika. Budapest ilibadili baadhi ya sheria za mahakama, na Desemba 13, 2023 Tume ya Ulaya ikafungulia takriban euro bilioni 10. Kesho yake Orbán akatoka nje ya chumba cha mkutano ili wenzake wakubaliane kuanza mazungumzo ya kuipokea Ukraina bila kura yake. Wakubwa wa Brussels walisema mambo hayo mawili hayahusiani. Mimi na wewe tumekulia sokoni.

Sasa nirudi Arusha, maana huko ndiko kuna kitu ambacho mtu wa redio ndogo anaweza kukishika kwa mkono.

Agosti 2016 waziri wa habari wa Tanzania, Nape Nnauye, alilifungia gazeti la Mseto kwa miaka mitatu. Wachapishaji wake wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki. Juni 2018 mahakama ikasema amri ile imevunja Mkataba wa Jumuiya na ikaagiza gazeti lifunguliwe. Halikufunguliwa. Machi 28, 2019 ikatoka hukumu kubwa zaidi, katika kesi ya Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu, kuhusu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Majaji walipita kifungu kwa kifungu. Kashfa kama jinai, uchochezi uliofafanuliwa kwa maneno ya kuvutika kama mpira, habari "za uongo" zenye kuleta hofu, mamlaka ya waziri kuzuia chapisho, yote wakayaona yanapingana na Mkataba. Serikali ikaambiwa iirekebishe sheria. Haikufanya haraka yoyote.

Ungeandika kitabu wakati ule, ungesema mahakama imeshindwa. Lakini Machi 2021 Rais Magufuli alifariki, Rais Samia Suluhu Hassan akaapishwa, na kwa muda upepo ukageuka. Februari 2022 magazeti manne yaliyokuwa yamefungiwa, Mseto likiwemo, yalirudishiwa leseni. Aliyezikabidhi ni waziri wa habari. Jina lake? Nape Nnauye, aliyekuwa amerudishwa katika wizara ile ile mwezi mmoja kabla. Kisha mwaka 2023 Bunge likaigusa Sheria ya Huduma za Habari, na kosa la jinai la kashfa likaondolewa.

Mahakama haikumwondoa Magufuli wala haikumweka Samia. Ilichofanya ni kwamba, mlango ulipofunguka kidogo, wahariri na wanasheria hawakuingia mikono mitupu wakiomba "uhuru wa habari", neno ambalo waziri yeyote anaweza kulikubali mchana na kulisahau jioni. Walikuwa na orodha mkononi. Kifungu hiki, kifungu kile, na sahihi za majaji chini yake. Hawakupata vyote. Waziri bado ana nguvu nyingi, na leseni ya kila mwaka kwa magazeti ni kamba iliyobaki shingoni. Lakini walichokipata kilikuwa kwenye ile orodha.

Ipo pia mahakama ya pili jijini Arusha, ile ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Desemba 2014 iliamua kesi ya Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso aliyefungwa miezi 12 kwa kuandika kuhusu mwendesha mashitaka. Mahakama ikasema kumfunga mtu jela kwa kashfa ni kupita kiasi. Burkina Faso iliibadilisha sheria yake mwaka uliofuata, baada ya wananchi kumwondoa Blaise Compaoré. Huko mlango ulitangulia kufunguka kwa mikono ya wenye nchi, Oktoba mwaka ule wa 2014, na hukumu ikaukuta wazi.

Na ukitaka ushahidi kwamba mahakama hizi si vyura, usiwaulize wanaharakati. Watazame watawala wanavyozishughulikia. Novemba 2006 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia kuapishwa kwa wabunge wa Kenya katika Bunge la Jumuiya, kwa kuwa jinsi walivyopatikana ilitiliwa shaka. Taratibu za Jumuiya kwa kawaida huenda kwa mwendo wa kobe, lakini safari hii ilichukua majuma machache tu kwa wakuu wa nchi kuubadilisha Mkataba wenyewe. Katika mabadiliko hayo likazaliwa sharti dogo: anayetaka kushitaki afanye hivyo ndani ya miezi miwili. Liweke akilini, nitalirudia. Vivyo hivyo Novemba 2019 Tanzania, mwenyeji wa Mahakama ya Afrika na nchi iliyokuwa ikishitakiwa kuliko zote, iliondoa ridhaa yake ya kuwaruhusu watu binafsi na asasi kufungua kesi huko moja kwa moja. Rwanda ilitangulia mwaka 2016, Benin na Côte d'Ivoire zikafuata 2020. Mtu hahangaiki kuziba tundu lisilopitisha upepo.

Sitaki kukuficha kwamba visima vyenyewe vinahama. Wakati wa MCC, serikali iliyonyimwa Washington ilikuwa na Beijing ya kuiendea, na leo kuna Ghuba, Uturuki na Urusi. Marekani yenyewe imejitoa kwa namna ambayo mimi sikuitarajia. Mwaka 2025 ilivunja shirika lake la misaada la USAID, na Machi mwaka huo ikainyamazisha Sauti ya Amerika, idhaa ya Kiswahili ikiwemo. Wengi wa rika langu waliamka na sauti zile alfajiri. Burundi iliifungia Sauti ya Amerika Mei 2018 na Washington ikalaani. Kisha waliolaani wakainyamazisha kwa mkono wao wenyewe.

Lakini jirani naye ameanza kusema. Baada ya uchaguzi wa Tanzania wa Oktoba 29, 2025, uliofanyika intaneti ikiwa imezimwa na watu wakiuawa mitaani, sauti niliyoipa uzito zaidi haikutoka Ulaya. Waangalizi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walisema kwamba katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kueleza utashi wao, na wale wa Umoja wa Afrika wakasema uchaguzi haukufikia misingi ya Umoja. Nimesoma ripoti za waangalizi wa Kiafrika kwa miaka mingi. Kwa kawaida husifu foleni ndefu na utulivu wa wananchi. Safari hii hawakusifu. Serikali ilipata matokeo ya asilimia 97 na ushee, na haikubadilisha lolote kwa sababu ya ripoti zile. Hata hivyo imekuwa vigumu kuziita za mabeberu.

Sasa ulichouliza mwisho: mnalifikiaje? Nitakuambia kama ningemwambia mdogo wangu.

Mkipata tatizo, msiombe tamko. Mkizungumza na ofisa wa ubalozi, mwombeni aje mahakamani siku ya kesi akae benchi la nyuma. Hakimu anaona, mwendesha mashitaka anaona, na hakuna anayeweza kumshitaki mtu kwa kukaa. Ombeni ada ya wakili, ambayo hupatikana kimyakimya kuliko maneno. Na kabla ya kupokea senti, fikirini mara mbili: mkisikika mnalipwa na ubalozi, mmempa mkuu wa wilaya hotuba yake yote. Ni bora pesa zipite kwenye chama cha waandishi ambacho kimekuwepo miaka na hesabu zake zinakaguliwa.

Msitegemee kimbilio la jirani pia. Redio za Burundi zilizohamia Kigali, Inzamba ikiwa mojawapo, zilitangaza kwa miaka kupitia intaneti na WhatsApp, na watu wakazisikiliza kwa simu usiku. Mwaka 2021 Rwanda na Burundi zilipoanza kupatana, redio hizo zikaambiwa ziache. Mgeni hana kauli wenye nyumba wanapopeana mikono.

Kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki anaweza kwenda mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama, na halazimiki kumaliza kwanza mahakama zote za nyumbani. Hiyo ni nafuu ambayo Mahakama ya Afrika haiitoi. Hakuna haja ya redio yenu kwenda peke yake. Chama kinaweza kufungua kesi kwa ajili ya sheria nzima, na ninyi mkawa mashahidi wenye tarehe na karatasi. Kila baada ya takriban miaka minne na nusu, Umoja wa Mataifa huipitia rekodi ya haki za binadamu ya kila nchi kule Geneva, na asasi ndogo inaweza kupeleka taarifa yake fupi ya takriban kurasa tano. Watu huidharau kwa kuwa haina meno. Mimi naipenda kwa sababu serikali inalazimika kujibu kwa maandishi pendekezo hili inalikubali au inalikataa, na lile ililolikubali unaweza kumsomea waziri redioni kwa sauti ya upole kabisa.

Yote haya yanasimama juu ya kumbukumbu. Nimeona malalamiko ya haki kabisa yakianguka kwa sababu hakuna aliyejua amri ilitolewa lini na nani. "Tulipigiwa simu tukaambiwa tuzime" si ushahidi mpaka uandike nani alipiga, saa ngapi, na alitumia maneno gani. Mkipokea amri kwa mdomo, waandikieni barua: "Tunathibitisha kwamba leo saa nane mchana mmetuagiza…" na mbakize nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Wasipogonga mhuri, andikeni jina la aliyekataa kuugonga.

Na ile miezi miwili. Inahesabiwa tangu siku kitendo kilipofanyika au mlipokijua, si tangu siku mliyokata tamaa na mazungumzo. Waandishi wengi huanza kwa kumbembeleza mkuu wa mkoa, kisha mbunge, kisha wizara, na kila mahali wanaambiwa "subirini, linashughulikiwa", mpaka muda unapita nao wakiwa bado kwenye foleni. Bembelezeni, sikatai, lakini siku ile ile barua inapofika, mmoja wenu aipige picha, aitume kwa wakili na kuzungushia tarehe kwenye kalenda ya studio. Barua hizi zina tabia ya kuletwa Ijumaa jioni, na Jumatatu mkifungua ofisi, siku tatu zimekwisha kwenda.